Singida United ilikwenda wapi?

Mwanangu,

Hatujambo hapa Dodoma, ila mvua imegoma. Umeniuliza kama Singida Black Stars mnayobishania huko kazini ndiyo ile Singida United tuliyokuwa tukienda kuitazama uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma. Siyo. Hapo wenzako wamekushinda.

Hii ya sasa ni timu ya Ihefu ya Mbarali, Mbeya. Ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikabadili jina. Kabla yake ilikuwepo Singida Big Stars, ambayo nayo ilizaliwa kwa jina la DTB. Ikaja kuitwa Singida Fountain Gate, halafu Fountain Gate tupu, ikaenda zake Babati. Ukichanganyikiwa sikulaumu.

Singida United, Walima Alizeti wetu, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Uwanja wao wa Namfua (siku hizi Liti) ulikuwa kwenye ukarabati, ndiyo maana wakaanza kwa kutumia Jamhuri. Hapo ndipo walipotoka sare ya 1-1 na Azam. Novemba wakarudi kwao, wakawabana Yanga, suluhu. Kocha alikuwa Hans van der Pluijm, yule Mholanzi aliyewahi kuinoa Yanga. Walimaliza wa tano. Kwenye Kombe la Shirikisho wakaitoa Yanga yangu kwa penalti, na baba yako alivyonicheka siku ile sijamsamehe mpaka leo. Fainali ilichezwa Arusha, Mtibwa wakawafunga 3-2.

Kwangu mimi timu ilianza kufa pale pale. Kocha akahamia Azam, na Kutinyu, kiungo wao Mzimbabwe, akamfuata. Kikosi kile kilisajiliwa kwa fedha, si kwa kulea vijana wa Singida. Mchezaji aliyetoka Zimbabwe au Rwanda humlipi kwa makofi ya mashabiki. Msimu uliofuata ligi ikawa na timu 20 na haina mdhamini mkuu. Hebu piga hesabu: mechi 38, basi la Singida liende Bukoba, liende Mtwara, wachezaji wapate kula na kulala. Viingilio vya Namfua vingetosha wapi? Mwaka 2020 wakashuka daraja.

Mwaka huohuo Dodoma Jiji ikapanda. Watu waliibeza kwa kuwa ni timu ya halmashauri, eti haina tajiri. Mpaka sasa ipo Ligi Kuu, na mimi kiingilio changu siku hizi nawapa wao, isipokuwa wakicheza na Yanga.

Msalimie mkweo.

Mama yako