Roda na jarari za mashua ya zamani
Ndugu yangu, kwa kuwa unatafuta roda (kapi zenye gurudumu la kupitishia kamba) na jarari (kamba za kupandishia tanga) za mashua yako ya zamani hapo Lamu, nakusihi usianzie kwenye maduka ya vifaa vya kisasa, bali uichukue roda iliyovunjika, hata kama vimebaki vipande tu, uipeleke kwa mafundi wa mashua wa kijiji cha Matondoni ili wakuchongee nyingine kwa kipimo chake. Kagua pia zilizobaki: mfuo wa gurudumu ukiwa umelika upande mmoja, utaisaga kamba mpya. Kwa jarari chagua poliesta, kwani nailoni hurefuka mno ikivutwa, na foromali, yaani mti unaofungiwa tanga, itakuwa inashuka kidogo kidogo kila upepo unapokaza. Kabla ya kununua chochote, gonga shina la mlingoti kwa nyundo. Mlio bubu ni dalili ya kuoza.