Kwenda Listvyanka mwezi Machi

Ndugu, nimekuelewa: unasoma Moscow, una siku mbili za kukiona kijiji cha Listvyanka kando ya Ziwa Baikal mwezi Machi, na unahofia barafu, fedha na usajili wako wa ukaazi kama mgeni.

Nianze na barafu, maana hapo ndipo penye hatari ya kweli. Mwezi huo ziwa bado limeganda, lakini kijiji kiko jirani na mahali Mto Angara unapotoka ziwani, na maji ya hapo hayagandi. Niliwaona bata wakiogelea hatua chache tu kutoka kwenye barafu nyeupe iliyoonekana imara kabisa. Upande huo usiukanyage kamwe. Kwingineko tembea na mwenyeji, ukiwa umefunga meno ya chuma chini ya viatu.

Kutoka Irkutsk, mji mkubwa ulio jirani, hadi kijijini ni kilomita 70 hivi, na mabasi madogo yapo. Chukua rubli taslimu, kwa kuwa kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Kuhusu usajili wako wa ukaazi, usikisie: waulize kwanza wahusika wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Sokoni utakuta samaki aitwaye omuli, aliyebanikwa kwa moshi. Samaki huyo mle angali moto.