Kalamu ya brashi ijaze wino, si maji

Kalamu za brashi zenye tangi zilitengenezwa kwa ajili ya maji. Unajaza maji safi, unaminya kidogo, nywele zinalowana, kisha unapitisha kwenye rangi kavu. Pentel na Kuretake za Japani ndizo zinazotajwa sana na wachoraji, na siku hizi zipo nyingi zisizo na jina zinazouzwa kwa pakiti. Mimi maji siweki. Naweka wino wenyewe, kila kalamu na rangi yake, na sirudi nyuma.

Sababu ni mazingira ya kuchorea. Ukiwa umebanwa kwenye teksi inayosubiri kujaa abiria, daftari liko gotini na begi la jirani liko mbavuni, kopo la maji utaliweka wapi? Kalamu nne tano za mfukoni zinamaliza kazi, na zikifunikwa hakuna kinachomwagika kwenye suruali ya mtu.

Wanaoanza huniuliza kalamu ipi ni bora. Kusema kweli hata za bei ya chini zinafanya kazi. Cha kuumizia kichwa ni wino. Unaofaa ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama wino wa kalamu za kujaza walizoandikia wazee wetu. Quink ya Parker, ambayo ipo tangu 1931, ni ya aina hiyo. Ukikauka kwenye nywele, tone la maji linaurudisha. Usithubutu kuweka wino mweusi wa kuchorea wenye shelaki, yaani utomvu wa kung'arishia mbao, wala wino wa akriliki. Hiyo ikikauka imekauka: inageuka utando mgumu ndani ya kitundu cha brashi, na utaloweka mpaka uchoke.

Sasa, kwa sisi wa Kampala kuna njia ya mkato, nayo iko Nasser Road. Mtaa ule ni wa wachapaji, na wino wa kujazia printa unauzwa kwa chupa: sayani (buluu ya kijani), majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi. Kwa hizo tatu za kwanza unachanganya karibu rangi yoyote unayoitaka. Muuzaji atakuuliza, "Printa gani?" Usione haya, mwambie ni ya kuchorea, atacheka kisha atakuhudumia. Lakini kuwa macho kwa mambo mawili. Kwanza, usichukue wino wa kuchapia fulana na vikombe. Ule unangoja joto la mashine ndipo rangi yake halisi itoke, na kwenye karatasi unabaki umefubaa. Pili, soma lebo: wino wa pigimenti una chembe zinazoelea, na ukikaa kwenye brashi bila kutumika chembe zinatuama na kuziba. Huo una kazi yake, ila si wa kalamu utakayoisahau kwenye droo.

Wino wa printa ni mkali mno ukiutumia mtupu. Majenta itakutia doa vidoleni, na sabuni haitakusaidia haraka. Mimi huanza na sehemu moja ya wino kwa tatu za maji, najaribu kwenye karatasi, kisha naongeza maji. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kupenda wino mzito kwa sababu unang'aa ndani ya chupa. Wino mwepesi unakupa nafasi ya kupita mara ya pili na ya tatu. Mzito ukishagusa karatasi umekwisha amua.

Maji nayo yana maneno. Ya bomba yanaweza kuwa na chumvichumvi inayobaki kwenye kitundu. Natumia maji ya kuongezea betri ya gari, yanapatikana sheli yoyote, ila hakikisha umepewa maji matupu na si asidi, maana chupa zake hufanana. Na usitengeneze mchanganyiko wa mwaka mzima. Dawa inayozuia ukungu ndani ya wino hupungua nguvu ukiongeza maji, na kwa unyevu wetu huu wa kando ya ziwa utakuta utando mweupe unaelea juu. Ukiuona, mwaga wote. Ukichanganya wino wa kampuni mbili tofauti, uache kwanza usiku kucha kwenye kichupa. Asubuhi ukikuta mashapo chini, usiutie kwenye kalamu.

Kujaza kwenyewe ni dakika chache. Osha kwanza kalamu mpya kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, maana nywele hutoka kiwandani zikiwa na mafuta au gundi kidogo. Fungua tangi kwa kufuata mshale kama upo, kwani si zote zinafunguka upande tuliouzoea. Nunua bomba la sindano duka la dawa, sindano yenyewe huihitaji. Vuta wino, simamisha tangi wima, pachika ncha ya bomba kwenye mdomo wake na usukume polepole mpaka ufike robo tatu. Kabla ya kufunga, futa nyuzi za mdomo, ile mizunguko ya kufungia, kwa tishu. Hapo ndipo wengi wanapopuuza, halafu wanashangaa kalamu inavujia shingoni au haifunguki tena kwa sababu wino umeganda kwenye nyuzi. Funga, elekeza nywele chini juu ya tishu, minya taratibu. Rangi itashuka kwanza kama uzi mwembamba katikati ya nywele, halafu itasambaa mpaka nchani. Tangu hapo, usiminye tena ukiwa juu ya mchoro. Minya juu ya tishu, kisha uje kwenye karatasi.

Kama uwezo wako ni kalamu chache tu, achana na rangi zote ujaze kijivu. Moja weka wino mweusi mtupu, ya pili mweusi kwa maji mara nne, ya tatu uwe mwepesi hata uufikirie maji machafu. Hizo tatu nazithamini kuliko pakiti nzima ya rangi kumi na mbili. Mtazame kalooli, yule korongo wa kwenye mapaa na majalala ya Kampala. Kijivu chepesi kinampitia mgongo na mabawa kwa mkupuo mmoja, tumbo unaliacha karatasi nyeupe. Kikikauka, kijivu cha kati kinafanya manyoya ya bawa. Mweusi ni wa jicho na kivuli cha chini ya mdomo, basi. Ukiwa na kalamu moja ya pinki, ndiyo ya kichwa chake cha upara na ule mfuko wa shingoni. Miguu usiiguse sana. Kwa asili ni ya giza, lakini hujipaka kinyesi ili kujipoza joto, kwa hiyo utaiona imepauka kama imepigwa chokaa.

Ngoja safu ya chini ikauke kabisa, na hata hapo pitisha brashi mara moja tu. Wino huu unayeyuka upya ukiguswa na maji, ukisugua unapata tope. Mistari nachora kwanza kwa biki ya kawaida, wino wake ni wa mafuta na hautoki kwa maji. Quink nyeusi ina kituko chake: ukiizidishia maji inajigawa, pembeni kunatoka buluu na rangi ya udongo. Kwa mawingu ya mvua juu ya ziwa inapendeza kweli. Kwa kijivu safi cha kalooli, tumia mweusi mwingine.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itajikunja na kunyonya wino mpaka upande wa pili. Tafuta ya gramu 200 kwenda juu.

Safarini, kalamu husimama wima, nywele juu. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale ya milimani inakaribia 2,000. Ukipanda milima ile, kanieneo ya hewa ya nje inapungua, hewa iliyo ndani ya tangi inatanuka na kuusukuma wino utoke. Tena inayovuja zaidi ni kalamu iliyobaki nusu, si iliyojaa, kwa sababu ndiyo yenye hewa nyingi. Nywele zikiwa juu, inayotoka ni hewa.

Kuosha hakuna makubwa. Maji ya kawaida, minya mpaka yatoke meupe, maji moto usitumie yasije yakapinda nywele. Doa la rangi litabaki kwenye nailoni, halina neno.

Lililobaki ni jua. Wino wa aina hii hupauka, pinki na zambarau zikitangulia. Kata kipande cha karatasi, paka rangi zako zote, funika nusu kwa kadibodi na ukibandike dirishani, utaona mwenyewe zipi za kuaminika. Michoro ya daftari haina shida, imefungwa gizani. Ila mteja anayetaka picha ya sebuleni namchorea kwa rangi za maji zenye pigimenti. Akisisitiza anaitaka hiyo hiyo ya wino, namshauri aitie kwenye fremu yenye kioo, aitundike ukuta usiopigwa jua, na nyuma ya karatasi namwandikia ni wino gani nilioutumia.