Wasomaji Wanauliza: Usiku, gari na maji ya kando ya barabara

Mvua zimeanza na barua zenu nazo zimebadilika, mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu malambo, mashimo ya moramu yaliyojaa maji, mito inayopita juu ya barabara. Nimechagua tano. Nyingine zinafanana sana na hizi, kwa hiyo kama yako haipo soma tu majibu, naamini utajikuta humo.

Habari za kazi. Mimi napiga kazi ya Noah kati ya Bariadi na Lamadi, mara nyingi narudi saa nne saa tano usiku. Juzi nimekata kona nikakuta tairi la kushoto limebakiza hatua chache liingie kwenye lambo, maji sikuyaona kabisa, na taa nimefunga za LED kali kuliko zile za mwanzo. Shida ni macho yangu au ni nini? – Dereva, Bariadi

Pole sana ndugu yangu, na tumshukuru Mungu umeandika barua badala ya sisi kuandika habari zako. Macho kapime, madereva wengi tunaendesha miaka bila kupima, ila hata mwenye macho mazima kabisa maji yaliyotulia usiku hayaoni. Ukuta, majani, ng'ombe, udongo mkavu, hivi vyote mwanga wa taa ukivigonga unatawanyika na kiasi fulani kinarudi kwako, ndo unaona. Lakini maji yaliyotulia yanafanya kazi kama kioo kilicholazwa chini, mwanga unakuja kwa mshazari, unagonga, unaruka mbele unapotelea huko, kwako haurudi kitu. Unachobaki nacho ni weusi, na weusi huo na wa lami iliyolowa havina tofauti, mtu anaweza kuufuata moja kwa moja akiamini barabara inaendelea.

Sasa weka na spidi. Gari likiwa 80 linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke na mguu ufike kwenye breki imeshapita sekunde moja na nusu hivi, hizo ni mita 33 na gari halijapungua hata kidogo, halafu breki yenyewe kwenye lami kavu na tairi nzima inataka kama mita 36 nyingine, jumla karibu 70. Lami ikilowa unakaribia 100. Na taa za dim, kitu cheusi zinakuonyesha mita 40 mpaka 60 hivi. Yaani ukikimbia 80 na dim usiku wa mvua, ukiona kitu umeshakifikia. Ukiwa 50 unasimama kwenye mita 35 pakavu, kwenye maji 45 na kidogo, hapo taa zako na breki zako vinaelewana. Kwenye kona ya lambo unayoijua nenda hata 40, abiria wakilalamika waache walalamike.

Hizo LED zako nazo zichunguze. Ukichukua balbu ya LED ukaichomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mara nyingi mwanga unatawanyika ovyo, unamwagika mwingi hapo karibu na bampa. Wewe unaona pamewaka sana unafurahi, kumbe ule mwanga wa karibu unafanya mboni zisinyae na mbali unaona kidogo kuliko zamani, na anayekuja mbele unampofua. Kama huwezi kubadilisha taa nzima rudisha balbu za mwanzo, safisha vioo vya taa vilivyoingia unjano na upeleke gari fundi akapange urefu wa mwanga.

Jambo la mwisho na naomba ulishike sana. Lori linakuja limekupiga fulu, huoni kitu, mkono unataka wenyewe kuvuta usukani kushoto kulikwepa, na kushoto ndo kuna lambo. Usivute. Toa mguu kwenye mafuta, gusa breki taratibu, macho yako yatazame mstari mweupe wa pembeni kama upo, na kama haupo punguza mpaka utembee kama unasukumwa. Na ukianza kupiga miayo, hasa kuanzia saa nane usiku mpaka saa kumi na moja, egesha ulale kidogo, kufungua dirisha na kupandisha mziki hakuondoi usingizi.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Barabara ilipowekwa lami mkandarasi alichimba moramu kwetu, akaacha shimo, mvua zikalijaza, leo ni lambo letu na mifugo yote inategemea hapo. Tatizo liko kwenye kona, na magari yameshaingia usiku, pikipiki ndo usiseme. Kufukia hatutaki, hela ya kujenga ukuta hatuna. Tufanyeje? – Mwenyekiti, Igunga

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mashimo ya namna hii yapo nchi nzima, na kiutaratibu mkandarasi akimaliza kuchukua moramu anatakiwa alirekebishe shimo, alaze kingo zake ziwe mteremko, pasibaki ukuta wa kudumbukia. Mara nyingi wananchi wenyewe ndo wanaomba libaki kwa ajili ya ng'ombe, na siwalaumu, maji ni maji. Ila likibaki lazima lionekane.

Kwanza barua. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, wenye nayo ni TANROADS, pitisha barua kwa mtendaji wa kijiji iende kwa meneja wao wa mkoa. Kama ni barabara ya wilaya au ya vijijini, nenda TARURA, hawa walianza mwaka 2017 na ofisi yao iko hapo wilayani. Msiandike tu "tunaomba msaada", hiyo barua inakaa kwenye faili. Andikeni shimo liko kilomita ngapi kutoka wapi, upande gani, hatua ngapi kutoka kwenye lami, tarehe ambazo magari yaliingia, mbandike picha ya mchana na ya usiku iliyopigwa kutoka alipo dereva. Ombeni vitu vyenye majina: vibao vya mishale kwenye kona, kingo za chuma, nguzo fupi zenye reflekta, na vile vijicho vinavyobandikwa kwenye lami. Halafu nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Wakati mnasubiri msikae. Vile vijicho vya barabarani alivibuni Mwingereza mmoja, Percy Shaw, mwaka 1934, na havitumii umeme wala betri, vinachukua mwanga wa taa ya gari na kuurudisha kule kule ulikotoka. Utepe wa reflekta, ule unaobandikwa kwenye malori na matrela, unafanya kazi kwa namna hiyo hiyo, na unauzwa madukani kwa wauza spea. Chimbieni nguzo nyembamba za mti, zipakeni rangi nyeupe, zungushieni utepe kwenye kimo cha goti mpaka kiuno maana taa za dim zinamulika chini, mzipange kwa kufuata mkunjo wa kona, moja kila hatua kumi hivi. Mzianzie mbali kabla kona haijaanza, hapa ndipo wengi wanakosea, wanaweka nguzo pale pale kwenye maji na dereva anaziona akiwa ameshachelewa. Pande zote mbili, anayetoka Singida na anayetoka Nzega wote wazione. Kabla ya kuchimbia hata moja waambieni watu wa barabara, kwa sababu hilo ni eneo lao la hifadhi na watawaonyesha mstari wa kupanga.

Nawaomba sana msipange mawe makubwa wala magogo. Najua ndo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani kwa sababu ni bure, lakini mtu wa bodaboda akilivaa jiwe hilo hafiki hata kwenye maji. Tuta la udongo linapunguza gari bila kulivunja, lipigeni kati ya barabara na lambo, juu yake pandeni minyaa au mkonge, vikishika vinakuwa uzio na ng'ombe hawavili. Na njia ya mifugo ihamisheni upande wa pili wa lambo, maana ng'ombe wanaovuka lami jioni ndo wanawafanya madereva wakate usukani kuelekea kwenye maji.

Kwenye nyumba iliyo jirani zaidi na lambo wekeni kamba ndefu na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri. Gari likiingia, mtu asijirushe majini kwa huruma, watu wengi wanazama wakienda kuokoa. Mrushieni aliyetoka lile dumu ashikilie, mumvute. Zimamoto ni 114, polisi 112, vijana wote wa kitongoji wazijue namba hizo kichwani.

Mambo! Huku kwetu mvua ikipiga maji yanapita juu ya drift, ile njia ya zege ya kuvukia mto, usiku unakuta lori limevuka na madereva wa matatu wanalifuata nyuma nyuma. Kuna kipimo cha kujua kama gari ndogo itapita? – Kijana wa Kitui, Kenya

Poa kabisa. Kipimo kipo na ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Maji yanayokimbia ya sentimita 30 yanatosha kulielesha gari dogo likaanza kuondoka, ya sentimita 60 yanabeba hata pikapu na magari makubwa ya familia, na mtu kwa miguu anaangushwa na sentimita 15 tu zikiwa na kasi. Usiku huwezi kuyapima, na huwezi kujua kama lami ya chini bado ipo au imeshazolewa. Lori limepita kwa uzito wake, halijapita kwa niaba yako. Nyinyi watu wa Kitui mnaukumbuka mto Enziu, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini likasombwa na watu zaidi ya 30 wakafa, na ilikuwa mchana, watu wamesimama kando wanaona. Kwa hiyo usiku jibu langu ni kungoja. Geuza gari mbali na ukingo, washa hazadi, wazuie na wa nyuma yako. Maji ya mvua ya ghafla mara nyingi yanashuka baada ya saa chache.

Naomba msaada, jambo hili linaninyima raha. Naendesha IST, vioo ni vya umeme, nyuma wanakaa wanangu wawili na mdogo yuko kwenye kiti cha mtoto. Nyumbani kwetu barabara inapita katikati ya mabwawa. Gari likiingia majini nifanye nini? Mume wangu anasema nisubiri lijae maji ndo mlango utafunguka. – Mama wawili, Kahama

Dada yangu, asante kwa kuuliza, na shemeji mwambie kwa upole kwamba hiyo ya kusubiri ni hatari sana. Ni kweli maji yakijaa ndani na nje mlango unalegea, lakini mpaka yajae nyinyi mko ndani mmeishiwa pumzi, kuna giza, na watoto wamefungwa mikanda.

Gari likiingia majini huwa linaelea kwanza, kwa kawaida kati ya nusu dakika na dakika mbili, na uhai wenu uko kwenye dakika ile ya kwanza. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Canada, Gordon Giesbrecht, amezamisha magari kwa makusudi miaka mingi akiwa na watu ndani ili kujifunza, na mafundisho yake ni haya: mikanda ifunguliwe, vioo vishushwe, watoto watangulie kutoka, na wewe ufuate, wote kupitia dirishani. Simu usiguse. Mlango usiguse. Maji yakiwa yamepanda sentimita 60 tu kwenye mlango wenye upana wa mita moja, yanausukuma kwa uzito wa kama kilo 180, hutauweza, na ukiuweza maji yanaingia yote kwa mkupuo na gari linakwenda chini kwa sekunde chache.

Vioo vya umeme usiviogope, kwa kawaida vinaendelea kufanya kazi dakika za mwanzo, ila maji yakishafika usawa wa kioo yanakikandamiza na hakishuki tena. Ndo maana kioo ni mapema, kabla hata hujapiga kelele. Ile swichi ya kufunga vioo vya nyuma ili watoto wasivichezee, usiku ukifika kwenye mabwawa iachie.

Nunua kinyundo cha kuvunjia kioo au kile kidude cha springi, ukifunge mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa, siyo kwenye buti. Unagonga kona ya kioo cha ubavuni, kioo cha mbele hakivunjiki kirahisi kwa kuwa kina tabaka la plastiki katikati. Na siku hizi baadhi ya magari hata vya ubavuni ni vya namna hiyo, kwa hiyo kesho asubuhi angalia maandishi madogo kwenye kona ya kila kioo, kikiwa na neno TEMPERED kinavunjika, kikiwa na LAMINATED tafuta kingine.

Halafu fanyeni zoezi, gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Zima taa za nje, funga macho, tafuta kitufe cha mkanda wa kiti cha mdogo kwa kupapasa tu. Mkubwa mfundishe kujifungua mwenyewe na kupanda kwenye dirisha. Watoto watalichukulia kama mchezo na ni sawa, muhimu mikono yao ikumbuke.

Natarajia kuchimba bwawa la samaki kwenye kiwanja changu kilicho kando ya barabara kuu. Niache umbali gani? – Mfugaji mtarajiwa, Mbarali

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, humo usichimbe kitu. Baada ya hapo ukiweza ongeza, hasa kama ni kona au barabara iko juu na kiwanja chako kiko chini, gari likitoka njiani kwenye mteremko linakwenda mbali. Udongo utakaochimba usiuuze wala usiutawanye, urundike upande wa barabara uwe tuta, upande nyasi ushike. Na bomba la kutolea maji ya ziada lielekee bondeni, lisimwagie kwenye mtaro wa barabara, kwa sababu mtaro ukizidiwa maji yanapanda kwenye lami na utakuwa umewatengenezea wenzako utelezi usiku.