Maswali yenu: mtu wa fizikia kaingiaje kwenye kisukari?

Nilimtaja Rosalyn Yalow, yule mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobel kwa njia ya kupima insulini kwenye damu, kwa mstari mmoja tu, meseji zikamiminika. Haya, leo ni yeye mwanzo mwisho.

Dada, nimemaliza form six PCM (fizikia, kemia na hesabu) na nataka utafiti wa kisukari ila nyumbani wanasema hiyo kazi ya madaktari. Nimeshapotea?

Hujapotea mdogo wangu. Rosalyn hakuwa daktari, ni fizikia tupu. Mtoto wa Bronx, New York, kazaliwa 1921, na alipomaliza chuo 1941 akaelekezwa kwenye usekretari maana mwanamke, tena Myahudi, fizikia nani atampa? Basi vita ikabeba wanaume, University of Illinois ikamchukua, kufika huko walimu na wasaidizi kama 400 wa kitivo cha uhandisi mwanamke ni yeye peke yake. PhD akapata 1945. Miaka miwili baadaye akaanza kwenye hospitali ya maveterani wa jeshi hapo hapo Bronx, na maabara yake ya kwanza ilikuwa stoo ya mtu wa usafi, yaani mafagio yatoke yeye aingie! Udaktari ulimfuata 1950 alipokuja daktari Solomon Berson, Rosalyn anajua mionzi na hesabu, Berson anajua mwili wa mgonjwa, wakashikana miaka mingi. Kwa hiyo wewe na PCM yako tafuta Berson wako.

Nina kisukari aina ya pili. Insulini si ndo inashusha sukari? Mbona nimepimwa nikaambiwa yangu ipo nyingi na sukari bado juu?

Kaka, hilo swali liliwasumbua na wao. Zamani kuna waliodhani insulini ya mtu mzima mwenye kisukari inaharibiwa haraka mno mwilini. Hawa wawili wakaifunga insulini na iodini yenye mionzi, wakawachoma watu, wakaifuatilia kwenye damu. Kama dhana ile ni kweli ingepotea upesi, ila wapi, kwa waliozoea kuchomwa insulini ndo ikakaa muda mrefu zaidi! Kumbe insulini ya siku hizo ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, mwili ukaitengenezea kingamwili, yaani protini za kujilinda na kitu kigeni, zikaing'ang'ania. Baadaye walipoweza kuipima vizuri wakakuta wengi wa aina ya pili insulini wanayo, wengine hata kuwazidi wazima, ila mwili hauisikii. Hapo ndipo ulipo wewe. Lakini usibweteke, miaka ikienda kongosho nalo huchoka, kwa hiyo kliniki usiache.

Walipimaje kitu kidogo hivyo?

Fikiria daladala. Siti ni kingamwili na ni chache. Abiria waliovaa reflekta ni insulini yenye mionzi, idadi yao unaijua. Abiria wa kawaida ni insulini ya mgonjwa, hao huwajui wako wangapi. Wote wanagombania siti, na abiria wa kawaida wakiwa wengi basi reflekta wengi wanabaki nje, wewe unahesabu reflekta waliokaa na waliobaki, jibu umepata. Kwa mtindo huo huo wakaja kupimwa homoni chungu nzima, na virusi vya homa ya ini B kwenye damu ya kuchangia. Siku hizi maabara nyingi zimeacha mionzi, ila kingamwili bado zinatumika.

Ni kweli waliwakatalia kuchapisha ule utafiti wa kingamwili za insulini?

Kweli kabisa. Jarida la Science walikataa, jarida la Journal of Clinical Investigation nao mwanzoni wakakataa, wakubwa hawaamini kwamba protini ndogo kama insulini inaweza kuamsha kingamwili. Ikabidi neno kingamwili litolewe kwenye kichwa cha habari ndo ikapita, 1956. Barua ya kukataliwa Rosalyn hakuitupa, aliionyesha kwenye hotuba yake ya Nobel 1977. Mimi hapo nilicheka peke yangu.

Alitajirika?

Wala. Hawakuchukua hataza (patent), kila maabara ikatumia bure.

Mbona Berson hakupewa hiyo Nobel?

Alifariki 1972 na Nobel hapewi marehemu. Maneno yakaanza, eti aliyekuwa na akili ni Berson, huyu mama ataishia hapo. Mama akaendelea na kazi, na maabara akaipa jina la Solomon Berson, ili kila paper atakayotoa lile jina liwepo, chini ya la kwake, pale panapoandikwa anwani.