Mzee wa Hesabu: "Niwanyang'anye pikipiki?"

SWALI: Shikamoo Mzee wa Hesabu. Nina pikipiki za mkataba hapa Mbagala Rangi Tatu. Kijana analeta elfu kumi kila siku, akimaliza namkabidhi kadi, chombo kinakuwa chake. Akikosa hesabu wiki mbili, namnyang'anya. Mwanangu wa chuo amechukua kauntabuku langu la miaka mitatu, akaliingiza kwenye kompyuta, akaja na kitu anachokiita modeli ya Cox. Mikataba ni 31: saba niliwanyang'anya, 13 walimaliza, 11 bado wanalipa. Waliokuja bila mdhamini ni 12, na wanne kati yao wamo kwenye wale saba. Anasema wana "uwiano wa hatari 2.1", halafu kwenye mabano kaandika 0.5 na 9.4. Nimeelewa kwamba asiye na mdhamini atadumu nusu ya muda wa mwenzake. Sasa, watatu wa hivyo bado wako barabarani. Niwanyang'anye kabla hawajanitia hasara? Na kwa nini kaweka mpaka wale ambao hawajashindwa?
Mama Pendo, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Pendo. Funguo za hao watatu waachie kwanza, tuzungumze.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu liliwahi kuniumbua. Ujanani nilipewa mafaili ya wagonjwa nitafute wanaishi muda gani baada ya kuanza dawa. Waliokuwa bado hai sikujua niwaandikeje, nikawatoa. Nikabaki na marehemu watupu, dawa ikaonekana sumu. Daktari mmoja akaniuliza kwa upole, "Na huyu aliyenisalimia getini asubuhi umemweka wapi?" Vijana wako 11 ndio hao wa getini. Aliyelipa miezi minane hajathibitisha kwamba atamaliza, lakini miezi minane ameivuka, na hiyo ni taarifa. Anahesabiwa mpaka siku ya mwisho uliyomwona, kisha anatoka kimyakimya.

Njia anayotumia mwanao aliichapisha Mwingereza David Cox mwaka 1972. Bwana huyu ujanani alifanya kazi kwenye utafiti wa sufu kule Leeds, akafariki 2022 akiwa na miaka 97. Ujanja wake naupenda mpaka leo. Tuseme kijana amenyang'anywa siku ya 140 ya mkataba wake. Cox anawaita wote waliofika siku ya 140, huyo akiwemo, anawapanga mstari na kuuliza: katika hawa, kwa nini huyu? Ana mdhamini au hana? Anafanya hivyo kwa kila mmoja wa wale saba. Kwamba siku ya 140 yenyewe ni mbaya, mnyororo umelegea na tairi la nyuma limekuwa kipara, hana haja ya kujua, maana wote mstarini wana umri uleule wa mkataba. (Masika ni jambo jingine. Mvua haijui mkataba ulianza lini. Mwanao akitaka kuipima, aiingize peke yake.)

Basi 2.1 ni hivi: chukua vijana ambao bado wanalipa, mikataba yao ina umri mmoja. Uwezekano wa asiye na mdhamini kushindwa wiki hii ni kama mara mbili ya mwenzake. Muda wake ungekuwa nusu kama hatari ingekuwa ileile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na wewe mwenyewe unajua sivyo. Tuseme kati ya wenye wadhamini 100, 80 wanavuka miezi sita. Uwiano wa 2 ni kama kuwapitisha kwenye chujio lilelile mara mbili: wasio na wadhamini watakaovuka ni nane ya kumi ya hao 80, yaani 64. Walioshindwa ni 36 dhidi ya 20. Si 40.

Kuna sharti ambalo watu wa kompyuta hulipita mbio: modeli inachukulia kwamba uwiano huo haubadiliki mkataba mzima. Kwa Mbagala sidhani. Mwanzoni mdhamini ana nguvu, anapiga simu, anamfuata kijana kijiweni. Mwishoni kijana kadi anaiona kwa macho. Mdhamini awepo asiwepo, nani atakuachia chombo? Mwanao apime miezi mitatu ya mwanzo mbali na iliyobaki, ingawa walioshindwa ni saba tu, na kuwagawa ni kama kugawa kitumbua kwa darasa zima.

Ndiyo maana ya yale mabano, 0.5 mpaka 9.4: uwiano wa kweli unaweza kuwa popote humo. Kauntabuku lako linasema uwiano wa kweli unaweza kuwa 9, unaweza kuwa 1, yaani hakuna tofauti, na unaweza hata kuwa chini ya 1, wasio na wadhamini wakawa ndio bora. Mwanao hajakosea. Modeli hii inakula walioshindwa, na wewe, kwa bahati yako, huna wengi. Mmoja tu kati ya wale wanne angekuwa amemaliza na mwenye mdhamini mmoja akashindwa, 2.1 ingeporomoka karibu na 1.

Hao watatu wanalipa, waache. Mwambie mwanao aongeze safu moja, aone kama kuchelewa kunaashiria kushindwa: siku ambayo kijana alichelewesha hesabu kwa mara ya kwanza. Na aihesabu kuanzia siku hiyo, asiirudishe nyuma mpaka mwanzo wa mkataba, maana kabla ya hapo kijana hakuwa amechelewa.