Maneno ya mnadani kwa anayenunua maksai mara ya kwanza

Wewe unayekwenda mnadani Misungwi kutafuta maksai wa kulimia, kabla ya kuhesabu meno, zoeza kwanza sikio lako. Maneno ya dalali yana maana mbilimbili.

Utakalolisikia zaidi ni "mpole". Niliuziwa maksai wa kijivu kwa neno hilohilo. Nikaapiwa kwamba hata mtoto anamfunga nira. Na kweli, alisimama kichwa chini, masikio yamelala, nikampapasa shingo asijali. Kufika nyumbani, baba mkubwa akamshika chini ya sikio. "Wewe, hii tezi hukuiona?" Imevimba kama ndimu. Daktari wa mifugo akasema ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Kumbe ule upole ulikuwa homa! Siku hizi nikiambiwa mpole, napiga makofi pembeni. Mpole mwenye afya atageuza sikio kunitafuta, kisha atatulia.

Tena mpole si lazima awe msikivu. Msikivu ni yule anayesimama kwa sauti na kuondoka kwa sauti. Mwambie mwenye mali amtembeze mbele yako bila fimbo. Wapo wapole wazito, fimbo tatu hatua mbili, na wapo wakali wanaosikia neno moja tu. Mimi namchukua mkali msikivu, ila wewe mgeni muache kwanza.

"Mwepesi" nalo lina mtego, maana mwoga pia huitwa hivyo. Simama ubavuni kwake, sawa na bega, halafu sogea kidogo kuelekea nyuma ya bega. Mwepesi wa kweli ataenda mbele taratibu. Akiruka, mkia juu, weupe wa macho umetoka, huyo ni mwoga, na siku pikipiki ikipita kando ya shamba atakuvunjia plau. Usimjie kwa nyuma moja kwa moja, hapo haoni. Hata aliyefundishwa vizuri atakupiga teke.

"Mkaidi" dalali hawezi kulitamka, utalitamka mwenyewe ukifika shambani. Mara nyingi unamwonea. Plau zetu humwaga udongo kulia, kwa hiyo maksai wa kulia hutembea ndani ya mtaro na wa kushoto juu ya ardhi ngumu. Ukiwabadilisha upande, wanagoma. Basi uliza kabla ya kulipa: huyu anafungwa kulia au kushoto? Ukijibiwa "popote tu", jua hajawahi kumshikia plau.

Na "anajua kazi" utaambiwa kwa kila dume lenye pembe. Pitisha kiganja mbele ya nundu, pale nira inapokaa. Aliyelima, ngozi yake hapo ni ngumu na manyoya yamepungua. Ikiwa laini kama ya ndama, unanunua mwanafunzi, basi lipa bei ya mwanafunzi. Ukigusa kidonda kibichi akajikunja, na mvua za Novemba za kulimia zimekaribia, tafuta mwingine.